Harusi Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mila, mitindo ya sasa na bajeti

Majibu haya ni ya maharusi, wazazi na wanakamati wanaopanga harusi mjini Moshi, Arusha na vijiji vya milimani, kuanzia Rombo na Marangu hadi Machame na Meru. Bei zilizomo ni za mfano tu, za kuonyesha hesabu inavyopigwa. Mahali pake weka bei ulizopewa wewe na watoa huduma wako.

Tuanze na nini: tarehe, ukumbi au bajeti?

Anzeni na idadi ya wageni. Watu wengi hukimbilia ukumbi, wanalipa kianzio cha ukumbi wa watu 400, halafu wanatafuta wageni wa kuujaza. Hapo harusi imeshawapanda kichwani. Kaeni wanne au sita: maharusi na mwakilishi mmoja au wawili wa kila upande. Andikeni majina, si makadirio. "Watu wa kanisani kama 40" si jina. Kila upande uorodheshe ndugu wa lazima kwanza, kisha marafiki, kisha majirani na wafanyakazi wenzao. Mkifika mwisho mtaona orodha imezidi, na ni vizuri ikazidi mapema, mkiwa bado hamjalipa kitu. Kukata jina kwenye karatasi kunauma kidogo. Kukosa sahani za watu 60 saa 3 usiku mbele ya wakwe kunauma miaka mingi.

Bajeti ya harusi ya watu 250 inakaaje?

Tuchukue sherehe ya jioni ukumbini, mbali na mahari, pete na mavazi, ambavyo kwa kawaida hubaki mikononi mwa maharusi na familia.

Chakula kwa 22,000 kwa kichwa ni 5,500,000. Vinywaji kwa 10,000 kwa kichwa ni 2,500,000. Ukumbi 2,000,000. Mapambo 2,200,000, yaani meza 25 kwa 50,000 kila moja, na 950,000 za jukwaa na lango la kuingilia. Picha na video 1,500,000. Mshereheshaji na muziki 1,200,000. Matarumbeta na usafiri 1,100,000. Keki na ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa) 800,000. Kadi, sadaka na gharama ndogondogo 300,000. Jumla ni 17,100,000. Ongezeni akiba ya karibu asilimia kumi, 1,700,000, mnafika 18,800,000.

Sasa tazameni mgeni mmoja anagharimu nini: chakula 22,000, kinywaji 10,000, na sehemu yake ya meza 5,000. Ni 37,000. Wageni 50 wa "tuwaongeze tu, hawana shida" ni 1,850,000, zaidi ya gharama yote ya picha na video. Ndiyo maana kubishana na mpiga picha kwa saa nzima ili apunguze 100,000 hakusaidii kama orodha ya wageni haijafungwa. Kupunguza watu watatu kunaleta 111,000 bila kumkera mtu mwenye kamera.

Akiba ya asilimia kumi ni ya nini? Kamati yetu inasema ni pesa ya bure.

Ni ya dizeli ya jenereta umeme ukikatika, ya Kosta ya pili wazee wa Kibosho wakifika wengi kuliko ilivyotarajiwa, ya sahani za ziada, ya malipo ya ukumbi mkizidisha muda. Isipotumika, inabaki kwa maharusi. Isigawiwe kwenye mapambo wiki ya mwisho. Huo ndio wakati inapotamaniwa sana, na ndio wakati inapohitajika sana.

Michango: tupange matumizi kwa ahadi au kwa fedha iliyoingia?

Kwa fedha iliyoingia. Ahadi ni upendo ulioandikwa kwenye daftari, bado si fedha. Mtu ameahidi 200,000 akiwa na nia njema kabisa, kisha mtoto akalazwa, au naye ana harusi ya nduguye wiki hiyo hiyo. Kwa usalama, pangeni mambo ya lazima (chakula, vinywaji, ukumbi) yatosheke kwa nusu ya ahadi zote. Kinachoingia zaidi ya hapo kiende kwenye mapambo, matarumbeta na vikorombwezo vingine.

Tena pigeni hesabu hii kwa mfano wetu. Kama kila mmoja wa wageni 250 angelipa 50,000, mngepata 12,500,000, na bajeti ni 18,800,000. Upungufu ni 6,300,000. Hiyo lazima itoke kwa familia mbili, kwa maharusi wenyewe, na kwa wachangiaji wachache wenye uwezo. Kikao cha kwanza kikivunjika bila mtu kutamka upungufu huo utazibwa na nani, basi mmekutana kunywa soda tu.

Kamati iwe na watu wangapi, na nani ashike fedha?

Watu 12 hadi 15 wanatosha. Mwenyekiti awe mtu anayeweza kumwambia mzee "hapana" kwa heshima na akaeleweka. Katibu awe anaandika kweli. Mweka hazina asiwe mmoja wa maharusi, na asiwe anayelipa watoa huduma. Anayepokea na anayelipa wakiwa watu wawili tofauti, maneno yanapungua.

Namba ya kupokea michango iwe moja, yenye jina linalojulikana, na isiwe ya matumizi ya kila siku ya mtu. Fedha ikiingia kwa M-Pesa au mtandao mwingine, mweka hazina aandike siku hiyo hiyo kwenye daftari: jina la mchangiaji, ahadi, alichotoa, salio. Mtu anayelipa kwa simu ya mkewe au ya duka la jirani ndiye husumbua baadaye, kwani ujumbe unakuja na jina lisilojulikana. Waombeni wachangiaji watume jina lao mara tu wanapolipa. Kumbukeni pia makato ya kutoa fedha: kwa mamilioni kadhaa yanaonekana, kwa hiyo yaandikwe kama gharama, yasigeuke fumbo kwenye kikao cha mwisho.

Kwenye kundi la WhatsApp, kuweka orodha ya walioahidi bila kulipa kunamfedhehesha mtu mbele ya wakwe zake. Tangazeni jumla tu, na wadaiwa wapigiwe simu mmoja mmoja, jioni, na mtu anayewafahamu.

Kadi ya mmoja na kadi ya wawili: kiwango tukiwekeje?

Kiwe juu ya gharama ya kichwa. Kwa mfano wetu, kadi ya wawili ya 100,000 inalipia watu wawili kwa 74,000 na kubakiza 26,000 kwa ukumbi, muziki na picha. Kadi ya wawili ya 70,000 ni hasara ya 4,000 kila inapotoka, hata kabla ya kulipia ukumbi. Kamati nyingi hushangaa fedha zimeishia wapi, kumbe zimeishia hapo.

Wazazi, babu na bibi, shangazi na mjomba wanaobeba wajibu wa kimila wapewe kadi bila kuulizwa mchango. Hao hawanunui nafasi, ni wenye shughuli.

Kadi za simu zenye msimbo wa QR zimeenea kwa sababu zinapunguza gharama ya uchapaji na zinazuia kadi moja kuingiza watu wanne. Zina kasoro moja: wazee wengi wa vijijini hawana simu ya kuzifungua. Chapeni chache za karatasi kwa ajili yao, 40 au 50, na mlangoni wekeni mtu mwenye orodha ya majina kwenye karatasi. Intaneti ikigoma, foleni isisimame.

Mahari ya Kichagga ina vitu gani, na lazima ilipwe yote kabla ya harusi?

Inatofautiana kati ya Rombo, Vunjo, Kibosho, Uru na Machame, na hata kati ya koo za kijiji kimoja. Ndiyo maana mshenga huenda kuuliza kabla ya kununua kitu. Vinavyojirudia mahali pengi ni mbege (pombe ya ndizi na ulezi) ya wazee, mbuzi au ndafu, blanketi, kitenge au khanga kwa mama na bibi, na fungu la fedha. Sehemu za mbuzi zina wenyewe: nani anapewa kidari, nani mguu, nani kichwa, huamuliwa na desturi ya ukoo. Mjomba akisahauliwa, shauri linaweza kulala hapo hapo. Ulizeni mapema nani anapata nini, na nani atakuwepo siku hiyo.

Kulipa yote kwa siku moja si sharti, na wazee husema mahari haiishi. Kinachotakiwa ni makubaliano: kipi kinatolewa sasa, kipi kitafuata, na nani ameandika. Wengi siku hizi hubadilisha wanyama kuwa fedha. Hakuna ubaya, ila mbege na walau mbuzi mmoja wa kweli watolewe. Mzee aliyekuja kubariki anatarajia kuona kata ya mbege ikizunguka, na bahasha haizunguki hivyo.

Kwa Waarusha na Wameru ng'ombe wana nafasi kubwa zaidi, na mazungumzo huwa marefu. Msipange siku ya mahari na ya pete iwe moja kama hamjui wazee watamaliza saa ngapi.

Kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, naye ndiye anayeitaja. Familia yenye mchanganyiko wa dini au kabila ikae mapema itenganishe mahari hiyo na zawadi za kimila za wazazi, zisije zikachanganywa kwenye hesabu moja.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu mila ya mahari haikufuatwa. Sheria inalinda ndoa, mila inalinda undugu, na nyinyi mtahitaji vyote viwili.

Ikitokea kosa upande wetu, isale linatumikaje?

Isale, lile jani refu la mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), ni jani la amani na la kuomba radhi kwa Wachagga. Kama kulikuwa na ugomvi wa zamani kati ya koo, au kijana alimchukua binti kabla ya kujitambulisha, mzee wa upande uliokosea hulibeba kwenda kuomba msamaha. Libebwe na mzee anayejua maneno yake. Kijana asitumwe nalo peke yake.

Mbege iagizwe lini, na kiasi gani?

Wiki mbili kabla. Ndizi zinahitaji siku kadhaa kuiva, kisha zinachemshwa kwa saa nyingi hadi zibadilike rangi kuwa wekundu wa kahawia, zinapoa na kulala siku mbili tatu, zinachujwa, ndipo unaingia uji wa kimea cha ulezi. Ganda la mti wa msesewe huipa uchungu unaopendwa na wanywaji. Siku inayofuata inanywewa, na siku mbili baada ya hapo imeshakuwa kali. Mpishi aambiwe siku na saa ya kunywa, yeye atarudi nyuma kwenye kalenda.

Hesabu lita moja kwa mnywaji. Wazee 60 ni lita 60, yaani debe tatu za lita 20, ongeza moja. Makosa ya kawaida ni ya usafirishaji: madumu hujazwa hadi shingoni, yanafungwa kwa nguvu na kupakiwa kwenye buti kutoka Marangu hadi Arusha kwenye jua. Mbege inaendelea kuchacha njiani, dumu linafura, kifuniko kinaruka, na gari la kukodi linanuka wiki nzima. Acheni nafasi ya kiganja juu, legezeni kifuniko, simamisheni madumu wima.

Ndafu inaandaliwaje ili isiwe nyeusi nje na mbichi ndani?

Ndafu mezani ni mbuzi mzima aliyechomwa, na kwa harusi nyingi za hapa ndiye keki ya kimila. Chagueni mbuzi aliyehasiwa, aliyenona, mwenye nyama ya kilo 12 hadi 15 baada ya kuchinjwa. Mkubwa kuliko hapo anapendeza kwa macho lakini paja haliivi kwa muda mlionao. Wengine hununua mnada wa Weruweru, wengine kwa mfugaji anayefungia zizini. Nunueni wiki moja kabla, si asubuhi ya harusi.

Achinjwe jana yake. Mapaja na mabega yachanjwe kwa kisu hadi karibu na mfupa, apakwe chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu, alale mahali pa baridi. Siku ya harusi atolewe saa moja kabla ya kuwekwa motoni ili ubaridi wa ndani upungue. Masikio, mkia na kwato zifungwe karatasi ya alumini, la sivyo zitaungua kabla ya mengine kuiva. Moto uwe wa makaa yaliyotulia, usio na ndimi, na achomwe kwa muda wa saa tano hadi sita akigeuzwa. Anayeharakisha kwa moto mkubwa ndiye anayeleta ukumbini mbuzi mweusi ambaye bwana harusi akimkata begani, damu inachuruzika kwenye kitambaa cheupe.

Pangeni aive karibu na muda wa kuingia ukumbini. Akiiva saa 8 mchana akakaa hadi saa 3 usiku akiwa vuguvugu, ni hatari kwa matumbo. Anasimamishwa kwa waya kwenye sinia, majani mabichi mdomoni, anaingizwa kwa ngoma. Maharusi wanakata, wanalishana, wanapeleka kwa wazazi wa pande zote mbili. Wekeni mkataji mwenye kisu kikali na ubao, maana bibi harusi mwenye kucha za saluni hawezi kutenganisha bega.

Kicheni pati na sendofu ni lazima zote?

Hapana. Kicheni pati ni ya wanawake: mafunzo, nasaha na vyombo. Sendofu ni ya familia ya binti kumuaga, na kwa kawaida bajeti yake iko upande wa binti. Begi pati imeongezeka siku hizi, ambapo marafiki humjazia bibi harusi begi la nguo na vitu vyake binafsi.

Shida ni kwamba watu walewale huchangia zote, ndani ya mwezi mmoja. Shangazi anachanga kicheni pati, anashona sare ya kitenge, anachanga sendofu, anashona nyingine, na harusi bado. Tunashauri kwa dhati: unganisheni kicheni pati na begi pati kuwa mchana mmoja nyumbani, na sare iwe moja kwa shughuli zote mbili za upande wa binti. Sendofu iliyofanyika kihambani kwa turubai, mtori, ndizi nyama na wazee wakiwa wamekaa kwenye viti vyao ina uzito ambao ukumbi wa mjini hauupati.

Tarehe gani ni ngumu?

Desemba, hasa kuanzia tarehe 20, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Faida yake ni kwamba ukoo wote upo, hata walioko Dar es Salaam na Mwanza. Hasara ni kwamba kila mtu ameliona hilo: kumbi, wapambaji, magari na hata mafundi wa keki wanagombaniwa, na mgeni wako ana harusi tatu wiki moja. Mkitaka Desemba, lipieni ukumbi miezi 8 hadi 10 kabla.

Kwaresima ulizeni parokia au usharika wenu kabla ya kufikiria tarehe yoyote, na pia Majilio. Masika, Machi hadi Mei, barabara za vumbi za milimani huteleza, na Kosta iliyojaa wazee haipandi. Juni hadi Agosti ni kavu lakini baridi ya jioni Arusha na huko juu mlimani ni kali. Harusi ya bustanini iwe imekwisha saa 12 jioni, au mkodi turubai lenye kuta.

Taratibu za kanisani na serikalini zichukue muda gani?

Anzeni miezi mitatu kabla. Sheria inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na makanisa yana mafundisho ya ndoa na matangazo ya Jumapili tatu. Vyeti vya ubatizo na kipaimara kutoka parokia ya utotoni ndivyo huchelewesha wengi, hasa aliyebatizwa mkoa mwingine. Vitafuteni kabla ya kuchapa kadi. Ndoa ya bomani hufungwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Popote mnapofungia, someni majina na tarehe kwenye cheti kabla ya kutia saini. Herufi moja iliyokosewa mtaihangaikia mkienda kutafuta pasipoti au bima.

Tuulize nini kabla ya kulipia ukumbi?

Wenye ukumbi wakisema unaingiza watu 300, waulizeni wanawahesabu wakiwa wamekaaje. Viti vya mistari huingiza wengi, meza za duara huingiza wachache. Meza ya kipenyo cha mita 1.8 hukaa watu 10, na inahitaji nafasi ya mhudumu kupita nyuma ya viti. Ukumbi unaosifiwa kuwa wa 300 mara nyingi ni wa 220 ukiweka jukwaa, meza ya keki na sehemu ya kucheza.

Kisha: jenereta ipo na dizeli ni ya nani? Ada ya kuingiza vinywaji kutoka nje ni kiasi gani? Mpambaji anaruhusiwa kuingia saa ngapi, na kuna shughuli ya mchana siku hiyo hiyo? Muziki unazimwa saa ngapi kwa mujibu wa kibali? Kianzio kinarudi tarehe ikiahirishwa kwa msiba? Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba, na risiti iwe na tarehe ya harusi, si tarehe ya malipo peke yake. Ukumbi kuuzwa kwa watu wawili hutokea pale ambapo mmoja ana risiti isiyosema ni ya siku gani.

Chakula na vinywaji: kiasi gani kinatosha?

Kwa meza yenye vyakula vya aina nyingi, kilo moja ya mchele inatosha watu 8, kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa watu 5, na kuku mmoja vipande 8. Kwa watu 250: mchele kilo 32, nyama kilo 50, kuku 32. Mkataba na wapishi useme idadi ya sahani, na sahani za wapiga picha, wapiga tarumbeta, madereva na walinzi zihesabiwe humo. Hao ni 20 hadi 25, na wakisahaulika watakula chakula cha wageni wa mwisho.

Mgeni mmoja anatumia kama sekunde 20 kupakua. Meza moja ya bufee inayopakuliwa pande zote mbili itawachukua watu 250 dakika 42. Wekeni mbili, iwe 21. Nyama igawiwe na mhudumu kwa koleo. Ikiachwa wazi, meza 10 za mwisho zitakuta mchuzi.

Vinywaji, hesabuni vitatu kwa mtu pamoja na maji. Soda ni chupa 24 kwa kreti. Kwa bia muulizeni muuzaji kreti lake lina chupa ngapi kabla ya kupiga hesabu. Mkubaliane kwa maandishi kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa zitarudishwa, na mteue mtu mmoja wa stoo ambaye hanywi. Vinywaji vingi hupotelea mlango wa nyuma saa 4 usiku, mshereheshaji anapochezesha watu.

Ratiba inachelewa wapi?

Saluni na kwenye picha. Kama ibada ni saa 8 mchana, bibi harusi awe ameketi kwenye kiti cha saluni saa 1 asubuhi, akiwa wa kwanza, kabla ya wasimamizi na wapambe. Ukumbini, utoaji zawadi kwa makundi, kila kundi na wimbo wake, unaweza kula saa nzima na nusu. Mpeni mshereheshaji orodha ya makundi yasiyozidi manane, na chakula kitangulie. Wageni walioshiba huvumilia hotuba.

Mitindo ipi ya sasa ina thamani ya fedha yake?

Kurusha harusi mubashara kwa ndugu walio nje ya nchi, ndiyo, kama ukumbi una mtandao imara. Mjaribu siku moja kabla, saa ileile. Droni, kwa harusi ya bustanini au kihambani, ndiyo; ukumbini haina kazi. Skrini kubwa inafaa watu wakizidi 300. Moshi mzito wa sakafuni na fataki baridi ni dakika tatu za video: vije mwisho kabisa, fedha ikibaki. Maua mabichi, Arusha imebarikiwa mashamba ya maua ukanda wa Usa River, kwa hiyo waridi la kweli wakati mwingine halizidi bei ya kukodi maua ya plastiki. Ulizeni zote mbili.

Zawadi za fedha badala ya majiko na mablanketi zimekubalika sasa, na ni jambo jema. Wanandoa wapya hawahitaji mashine nne za kusagia. Semeni kwa lugha ya upole kwenye kadi.

Tunataka Kilimanjaro ionekane kwenye picha. Saa ngapi?

Mapema asubuhi, kati ya saa 12:30 na saa 3, au jioni kabla jua halijazama. Katikati ya mchana mawingu huufunika mlima siku nyingi. Kwa kuwa ibada nyingi ni mchana, baadhi ya maharusi hupiga picha za mlima siku nyingine kabisa, wakiwa wametulia. Gauni likikodishwa, ulizeni gharama ya siku ya pili na ya kulifua. Udongo wa huku ni mwekundu na hautoki kirahisi.

Vunja kamati inahitaji bajeti?

Ndiyo, na iandikwe tangu kikao cha kwanza, iwe ndogo: nyama choma, ndizi na kinywaji kwa wanakamati tu, ndani ya wiki mbili baada ya harusi. Kabla ya kula, mweka hazina asome: kilichoahidiwa, kilichoingia, kilichotumika, deni, salio. Kreti tupu ziwe zimerudi, vitambaa vya mpambaji vimehesabiwa, mpiga picha amelipwa sehemu ya mwisho baada ya kukabidhi kazi. Msimlipe yote siku ya harusi, la sivyo video mtaisubiri hadi mtoto wa kwanza abatizwe. Salio likibaki, wakabidhiwe maharusi hapo hapo, mbele ya wote, na daftari wapewe wao. Watalihitaji zamu yao ya kuchangia wenzao ikifika, kujua nani alisimama nao na kwa kiasi gani.